Mmenunua Uamuzi Wao, Msiuue: Barua ya Wazi kwa Wanaotwaa Taasisi Zilizozoea Kujiendesha

Waheshimiwa wenyeviti wa bodi, wakurugenzi watendaji, na nyote mnaotia sahihi za kununua, kuunganisha na kutwaa taasisi za wengine,

Nawaandikia mkiwa hamjatia sahihi, au mkiwa mmetia juzi tu na mambo bado yanarekebishika. Mnachukua kampuni, chama, hospitali au shirika ambalo kwa miaka mingi limejiamulia lenyewe. Lilichagua viongozi wake, likapanga bei zake, likaajiri na kuachisha, likagombana ndani kwa ndani na kupatana bila kumwomba mtu wa nje ruhusa. Leo lina mmiliki mwingine, na mmiliki huyo ni ninyi. Haki yenu ya kuliongoza siipingi. Mmelipa, au sheria imewakabidhi, na huenda bila ninyi lingekwisha kufungwa. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjagusa kitu kingine chochote, mseme waziwazi ni maamuzi gani yanabaki kwao na yapi yanahamia kwenu, muyaandike, kisha muyaheshimu hata siku yatakapowaudhi.

Naandika kama mtu aliyefanya kazi ndani ya taasisi iliyochukuliwa namna hiyo. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu yaliyoipata yamezipata nyingi.

Kuna taasisi zilizozoea kuamriwa. Hizo zikibadilishiwa mkuu hazishtuki sana: jana amri ilitoka mlango huu, leo inatoka mlango ule, kazi inaendelea. Taasisi iliyozoea kujiendesha ni kitu kingine kabisa, na wengi wenu mnaingia bila kulitambua hilo. Mnadhani mkishabadilisha mkurugenzi na wajumbe wa bodi mmemaliza. Lakini kujiamulia hakukukaa kwa mkurugenzi peke yake. Kulikaa kwa msimamizi wa zamu ya usiku anayejua lini asimamishe mashine bila kumpigia mtu simu. Kulikaa kwa mtunza ghala aliyemkatalia mkurugenzi wa zamani mbele ya watu, na mkurugenzi akanywea kwa kuwa hesabu zilikuwa upande wa mtunza ghala. Watu wa namna hiyo hawasahau. Mnaweza kuwaongezea mishahara, kuwapa ofisi mpya na fulana zenye nembo yenu, lakini kila watakapobanwa watakumbuka kwamba zamani jambo kama hili walilimaliza wenyewe mchana uleule.

Na mazoea hayo mara nyingi ndiyo mali mliyoilipia. Jengo mngeweza kulijenga. Mashine zinauzwa, na aliye na fedha anazipata. Kilichoifanya taasisi ile iuzwe kwa bei kubwa kuliko vitu vyake vyote ni watu waliokuwa wakiamua vizuri na kwa haraka, pale pale kazi inapofanyika. Mkikiua hicho mtabaki na jengo na mashine, na mtakuwa mmevinunua kwa bei ambayo hata muuzaji asingethubutu kuitaja.

Njia za kuishika taasisi ya aina hii hazifichiki. Mnaweza kuivunja na kuimeza kabisa, jina lake likafutika na watu wake wakawa watu wenu. Mnaweza kuhamia pale wenyewe, mkakaa karibu, mkajifunza na kuongoza kwa macho yenu. Mnaweza kuiacha na kanuni zake na viongozi wake, nanyi mkashika mambo machache tu yaliyotajwa. Kila moja ina mahali pake, na hata ile ya kwanza, kwa ukali wake, nimewahi kuona ikifanywa kwa heshima: watu wakaambiwa ukweli, wakalipwa haki zao, wakaachana vizuri. Inayoniumiza ni njia ambayo hakuna anayeichagua kwenye kikao chochote na bado ndiyo inayofuatwa mara nyingi. Mnaahidi ile ya tatu, halafu mnatekeleza ya kwanza polepole, fomu kwa fomu, mpaka siku moja watu wanagundua kwamba hawaamui tena chochote na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mwaka 1998 Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani ziliungana kwa mkataba wa thamani ya takribani dola bilioni 36, na dunia nzima ikatangaziwa kuwa ni muungano wa walio sawa. Wafanyakazi wa Chrysler walikuwa watu wenye kiburi cha kazi yao, waliozoea kubuni magari kwa haraka na kwa gharama ndogo, wakikata maneno wenyewe. Mwaka uliofuata rais wa Chrysler, Thomas Stallkamp, alikuwa ameshaondolewa. Mwaka 2000 mkuu wa kampuni mpya, Jürgen Schrempp, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba Chrysler kuwa kitengo tu ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, ila angelisema mapema mkataba usingepita. Mwaka 2007 Daimler iliuza asilimia 80.1 ya Chrysler kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus, na mwaka 2009 ikaachana na sehemu iliyobaki. Mimi naamini Chrysler ingeweza kuishi kama kitengo. Asiyetaka angeondoka siku ya kwanza, na aliyebaki angejua anafanya kazi chini ya nani. Kilichowavunja moyo ni kugundua kwamba walikaribishwa mezani kama ndugu hali viti vyao vilikuwa vimeshagawiwa.

Ahadi ni deni, na katika mambo haya ni deni linalodaiwa na watu wote kwa pamoja. Kraft, kampuni ya vyakula ya Marekani, ilipokuwa ikiitaka Cadbury, watengenezaji wa chokoleti wa Uingereza, mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ilisema inaamini inaweza kuendelea kukiendesha kiwanda cha Somerdale, karibu na Bristol, ambacho Cadbury yenyewe ilikuwa imepanga kukifunga. Wafanyakazi wakapata matumaini. Mnamo Februari 2010, mara tu Kraft ilipokwisha kuipata Cadbury, ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Chombo kinachosimamia ununuzi wa makampuni Uingereza kikaikaripia hadharani, na mwaka 2011 kanuni za ununuzi zikakazwa nchini humo. Angalieni kilichotokea hapo. Kiwanda kilikuwa kimeshahukumiwa kufungwa kabla Kraft haijafika. Kama Kraft isingesema kitu, ingelaumiwa kidogo tu. Ilichukua matumaini ya watu ikayatumia kama sehemu ya malipo, na baada ya hapo ni mfanyakazi gani wa Cadbury angeliamini tangazo la pili?

Turudi kwenye mambo madogo, kwa sababu ninyi mnaletewa taarifa kubwa, na kujiamulia hufa kwenye madogo.

Pale nilipokuwa, badiliko la kwanza lilikuwa fomu ya ununuzi. Zamani kipuri kikiharibika, fundi mkuu aliandika kwenye daftari, mhasibu akatia sahihi, kijana akatumwa dukani, na kabla ya zamu kuisha mashine inazunguka. Fomu mpya ilitaka sahihi nne, mbili za watu wa makao makuu, katika mji mwingine, ambao hawakuwahi kuiona mashine yenyewe. Siku moja beringi ikaisha. Fomu ikapanda. Ikarudi na swali: mbona hamkuambatanisha bei za wauzaji watatu? Zikatafutwa bei tatu, fomu ikapanda tena. Mashine imesimama, mafundi wamekaa kwenye makreti, na hasara ya siku moja ya kusimama ilikuwa imeshaizidi bei ya beringi. Fundi mkuu yule alikuwa mtu wa kutembea na bisibisi mfukoni hata akienda kula. Ukimuuliza habari za mashine alikuwa akikujibu kwa kukushika mkono na kukupeleka ukaione. Baada ya ile fomu alianza kujibu akiwa amekaa: nimeshaomba, nasubiri. Na kweli alikuwa ameshaomba. Hakuna kanuni aliyoivunja wala kazi aliyoikwepa, na hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Jukumu la mashine kuzunguka lilikuwa limemtoka mikononi, na huko lilikokwenda hapakuwa na aliyelipokea.

Kisha vikao. Kikao chetu cha Jumatatu asubuhi kilikuwa cha kelele. Watu wa mauzo walikuwa wakilalamika kwamba wameahidi wateja mzigo, watu wa uzalishaji wakiuliza nani aliwatuma kuahidi, mhasibu akigonga meza kwa kalamu, na mwisho wake jambo linaamuliwa na kila mmoja anatoka akijua atakachofanya. Mgeni angedhani tunachukiana. Uongozi mpya ukaleta utaratibu: wasilisho kwenye ukuta, ajenda iliyotumwa mapema, dakika zilizopangwa. Mwishoni meneja aliuliza kama kuna maswali. Hakuna. Kikao kikaisha kabla ya wakati, na meneja akaandika kwenye taarifa yake kwamba wafanyakazi wameyapokea mabadiliko vizuri. Niliiona taarifa hiyo. Watu wale hawakuwa wamepokea kitu. Walikuwa wameelewa kwamba jambo limeshaamuliwa kwingine, na mtu mzima hapotezi pumzi kubishania jambo lililokwisha. Mabishano yalihamia kwenye korido na kwenye basi la kurudi nyumbani, mahali ambapo hayawezi kurekebisha chochote.

Nawasihi sana hapa. Mkiingia kwenye taasisi iliyozoea kujiendesha na mkaona watu wananyamaza, msijipongeze. Wanaobishana nanyi bado wanajiona wenye mali. Walionyamaza wameshawaachia, na wengine wao wameshaanza kuulizia kazi kwingine. Nao wanaotangulia kuondoka huwa ni wale waliokuwa wakiamua vizuri zaidi, kwa sababu hao ndio wanaopata kazi upesi.

Msidhani fedha itawashika. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 19, na waanzilishi wake wakasema uhuru wao utaendelea. Brian Acton aliondoka mwaka 2017 kutokana na mvutano kuhusu namna ya kuingiza fedha kupitia huduma ile, akaacha nyuma hisa za takribani dola milioni 850 ambazo angezipata kama angevumilia kidogo. Mwenzake Jan Koum akafuata mwaka 2018. Mtu anayeacha fedha ya namna ile amewaambia kitu, na kuajiri mwingine wa kushika nafasi yake si jibu.

Sasa wako waliofanya vizuri, na nataka muone walifanya nini hasa. Mwaka 2006 Disney iliinunua Pixar kwa hisa za thamani ya dola bilioni 7.4. Pixar ilikuwa studio ya filamu za katuni iliyojijengea desturi zake za kazi, na hofu ilikuwa kubwa kwamba itamezwa. Bob Iger wa Disney na viongozi wa Pixar walikaa wakaorodhesha mambo ambayo hayataguswa. Mengine yalikuwa madogo kiasi kwamba mwanasheria wa haraka angeyaona upuuzi: kibao cha lango la Pixar kibaki kama kilivyo, bima za afya za wafanyakazi zibaki, wasilazimishwe kutia sahihi mikataba ya ajira ambayo hawakuwa nayo tangu awali. Zaidi ya hapo, studio ya Disney na ya Pixar zilitenganishwa, kila moja ikatakiwa kumaliza matatizo yake bila kuazima watu wa mwenzake, na Ed Catmull wa Pixar akawekwa kuwa rais wa zote mbili. Mnunuzi alimpa mnunuliwa uongozi wa nyumba yake mwenyewe! Hilo linahitaji unyenyekevu ambao wengi wenu hamjafundishwa. Ila nataka mkumbuke zaidi kile kibao. Watu wanaopita langoni kila asubuhi walikuwa na kitu cha kukiangalia kujua kama neno limetunzwa.

Volvo nayo. Ford iliinunua mwaka 1999 kwa takribani dola bilioni 6.45, ikaiuza kwa Geely ya China mwaka 2010 kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 1.8. Wasweden wengi waliogopa, kwa kuwa Geely ilikuwa kampuni changa kuliko ile iliyokuwa ikiinunua. Mwenyekiti wake, Li Shufu, aliacha makao makuu Gothenburg, akaacha uongozi na wahandisi wa Volvo waendeshe Volvo, akaweka mtaji. Mwaka 2021 Volvo iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Stockholm. Mwenye fedha alijua anachokijua na akajua asichokijua.

Kuandika peke yake hakutoshi, na hapa lazima niseme ukweli mchungu. Unilever iliponunua kampuni ya aiskrimu ya Ben & Jerry's mwaka 2000 kwa dola milioni 326, mkataba uliweka bodi huru yenye mamlaka juu ya msimamo wa kijamii wa kampuni ile. Ni moja ya mikataba iliyokwenda mbali zaidi katika kulinda hali ya kujiamulia, na kwa miaka mingi ilionekana kufanya kazi. Mwaka 2021 Ben & Jerry's ikatangaza kwamba itaacha kuuza bidhaa zake katika maeneo ya Palestina yanayokaliwa na Israel, na mwaka 2022 Unilever ikauza biashara ya huko kwa mwenye leseni wa Israel. Bodi ikamshitaki mmiliki wake mahakamani. Wakapatana, wakagombana tena, na Septemba 2025 Jerry Greenfield, mmoja wa waanzilishi wawili, akajiuzulu akisema uhuru walioahidiwa umekwisha. Yeyote kati yenu anaweza kuwa na maoni yake juu ya nani alikuwa na haki. Mimi naona jambo moja: uhuru ulitolewa kwa maandishi, lakini haikuandikwa vya kutosha nini kitatokea siku uhuru huo utakapomgharimu mmiliki. Na siku hiyo huja. Uamuzi mnaowaachia watu kwa sharti kwamba watakubaliana nanyi hamjawaachia.

Najua hoja mliyo nayo. Mtaniambia kwamba kuna kuachia na kuna kutelekeza, na kwamba mkiwaacha watu wajiendeshe wanaweza kuficha maovu. Mko sahihi, na ushahidi upo. Danske Bank ya Denmark ilipoinunua Sampo Bank ya Finland mwaka 2007 ilipata pia tawi la Estonia. Tawi lile liliendelea na mfumo wake wa kompyuta, na nyaraka zake nyingi ziliandikwa kwa Kiestonia na Kirusi. Mpango wa kulihamishia kwenye mfumo wa benki mama uliachwa mwaka 2008 kwa kuhofia gharama. Kati ya 2007 na 2015 takribani euro bilioni 200 zilipita kwenye akaunti za wateja wasio wakazi, na sehemu kubwa ya miamala hiyo baadaye ilitiliwa shaka. Mfanyakazi wa ndani alitoa taarifa mwishoni mwa 2013. Mkurugenzi mtendaji, Thomas Borgen, akajiuzulu mwaka 2018, na mwaka 2022 benki ikakiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 2.

Lakini someni kisa hicho kwa makini. Kilichokosekana Estonia ni macho. Makao makuu hayakuweza kusoma vitabu vya tawi lao wenyewe, na waliridhika kwa kuwa faida ilikuwa inaingia. Fomu za sahihi nne za kununua kalamu na karatasi zisingeikomboa Danske. Ndiyo maana nasema kuona na kuamua ni mambo mawili, nanyi mnayachanganya. Vitabu vya fedha, kufuata sheria, usalama wa watu: hayo mnapaswa kuyaona tangu siku ya kwanza, bila aibu, bila kuomba radhi, na atakayewafungia mlango huyo mumwondoe. Bei, ajira za ngazi ya chini, manunuzi ya kila siku, ratiba, namna kikao kinavyoendeshwa, wateja wa zamani wanavyohudumiwa: hayo mnaweza kuyaona bila kuyashika. Wengi wenu mnafanya kinyume. Mnashika beringi na kusahau daftari la miamala. Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilimiliki makampuni mengi mno huku ofisi yake ya Omaha ikiwa na watu wasiofika 30. Ilijibakizia hasa kuamua mtaji unakwenda wapi na nani awe mkuu wa kila kampuni, ya katikati ikayaacha kwa wenyewe. Si lazima muige. Angalau jueni kwamba inawezekana.

Kuna wanaojiendesha ambao hawamo hata kwenye orodha yenu ya wafanyakazi. Quaker Oats ilinunua kampuni ya vinywaji ya Snapple mwaka 1994 kwa dola bilioni 1.7. Snapple ilikuwa imekuzwa na wasambazaji huru, kila mmoja na eneo lake, wenye malori yao na wateja wao waliowatafuta kwa jasho. Quaker ilitaka wasambazaji wale wawaachie wateja wa maduka makubwa, ili kinywaji kipitie maghala yake, nao wapewe bidhaa nyingine kama fidia. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri. Wasambazaji wakakataa, maana walichoombwa kukiachia ndicho walichokijenga wenyewe. Mwaka 1997 Snapple ikauzwa kwa dola milioni 300. Kabla hamjachora ramani mpya ya kazi, tafuteni ni nani mwingine, ndani au nje, anayedhani kipande cha ramani hiyo ni chake, mkakae naye.

Serikali nazo zinahusika na barua hii, kwa kuwa nazo hutwaa. Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilikuwapo tangu 1933, kikiwa kimerithi chama cha wakulima cha mwaka 1925. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Vyama vingi vilikuwa na kasoro za kweli, wizi na upendeleo vilikuwamo, na sitaki kuvisafisha. Ila muda haukupita mrefu, serikali ileile ikatunga sheria ya ushirika ya mwaka 1982 kuvirudisha, na ilipofika 1991 ikatunga nyingine iliyosisitiza uanachama wa hiari. Jengo la chama linaweza kurudishwa kwa sheria, pamoja na nembo na muhuri. Mkulima aliyezoea kusimama kwenye mkutano mkuu akamhoji mwenyekiti kuhusu mizani, huyo akishakaa miaka akiwa muuzaji tu kwenye foleni, hakuna sheria inayomrudisha mara moja. Lazima kizazi kijifunze upya. Kwa hiyo wanaposema watavunja kwanza na kurekebisha baadaye, wajue wanachokivunja hakina kiwanda cha kukitengeneza.

Neno kuhusu mtu mtakayemtuma. Msimpeleke mwenye tiketi ya kurudi Ijumaa. Atakayeongoza taasisi iliyozoea kujiendesha ahamie pale, ale pale, ajue majina. Msimwache kiongozi wa zamani ofisini huku mpya amekaa chumba cha pili bila kusema nani anasema la mwisho, kwani fahali wawili hawakai zizi moja na wanaokanyagwa ni wafanyakazi. Kama wa zamani anabaki, abaki na madaraka. Kama anaondoka, aagwe mbele ya watu wake.

Na mtakapotaka kubadilisha jambo, kwa kuwa mtataka, lileteni kwanza kwenye kikao chao kabla halijaamuliwa. Wacheni wapige kelele. Watawaonyesha mashimo ambayo mshauri wenu hakuyaona, kwa sababu wao wamewahi kutumbukia humo. Mkishindwa kuwashawishi na bado mnaona jambo ni la lazima, amueni, na mseme: tumewasikia, hatukukubaliana, uamuzi ni wetu na lawama ni zetu. Watu waliozoea kuamua wanauelewa uamuzi wa namna hiyo, kwa sababu nao wamewahi kuutoa kwa wenzao.

Basi naomba karatasi moja. Iandikwe kwa lugha ambayo msimamizi wa zamu anaielewa, si ya mawakili. Iseme maamuzi yanayobaki kwao, kwa kuyataja: kununua hadi kiasi gani bila kuuliza, kuajiri hadi ngazi gani, kupanga bei kwa mipaka ipi. Iseme mnayochukua ninyi, na kwa nini. Iseme mnachotaka kukiona kila mwezi. Iseme ambacho bado hamjaamua, na tarehe ya kukiamua, kwa sababu watu huvumilia kusubiri kuliko kufichwa. Iseme mtu wa kumwendea pale mmoja wa maofisa wenu atakapovuka mpaka, na mtu huyo asiwe bosi wa ofisa huyo. Iseme pia gharama mliyo tayari kuibeba pale uamuzi wao utakapowauma. Mkishaiandika, wapeni waisome kabla hamjatia sahihi, na muwaachie kalamu na nafasi pembeni waandike mliyoyasahau.

Wenu,

Mfanyakazi wa taasisi iliyobadilishiwa mmiliki